Kadi Anazodaiwa Marehemu

Mjomba wetu ana ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kuongeza neno. Mtume nyumba ya pili na ujumbe wa maneno matano, utafika ukiwa na kumi. Siku tuliyomzika mdogo wangu, hapa Kilwa Masoko, yeye ndiye aliyesimama barazani kuzungumza kwa niaba ya familia kabla jeneza halijatoka. Sisi wanawake tulikuwa ndani, dirisha liko wazi, tunasikia kila kitu. Akasema yale yanayosemwa siku zote: marehemu alikuwa binadamu, aliishi na watu, aliyemkosea amsamehe, na kama yupo anayemdai aje kwa wafiwa, sisi tutalipa. Hapo ndipo pa kunyamaza, na kila mzungumzaji hunyamaza hapo. Mjomba akavuta pumzi akaongeza, "Hata kama ni kadi, njooni."

Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachojifanya kikohozi. Mji mzima ulimjua mdogo wangu kwa kadi. Alikuwa mtu wa mapokezi katika nyumba ya wageni karibu na pwani, na mgeni alikuwa hajaonyeshwa hata chumba, ameshaulizwa kama kwao wanauza kadi za wachezaji wa mpira. Wengi walidhani ni mzaha. Wachache walirudi makwao wakamtumia bahasha, naye alizipokea posta kama mtu anayepokea mshahara.

Mama hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta, macho kayafumba, akayafumbua akaniuliza kama ni kweli kuna watu wanamdai kadi. Nikamwambia sijui, lakini nadhani wapo, maana maisha yake yote alikuwa anaazima, anabadilishana, anasema nitakurudishia. Mama akanishika mkono akaniambia roho ya maiti hutundikwa kwa deni lake mpaka lilipwe, na deni halina dogo. Akasema, "Mwanangu hatatundikwa kwa karatasi." Kuanzia hapo akawa halali usiku. Anakula kidogo, anaswali, anauliza kama kuna mtu amekuja. Alitaka mpaka hitima ya arobaini itakaposomwa, mwanawe awe hadaiwi hata kipande cha kadi, na kazi hiyo alinipa mimi, kwa kuwa ndimi mtoto niliyebaki.

Mimi mpira siujui na sijawahi kujuta kwa kutoujua. Lakini msimu wa korosho ulikuwa bado, ghala ninalofanyia kazi limefungwa, kisingizio sikuwa nacho.

Chumba chake kilikuwa uani, baada ya jiko. Aliachana na mkewe zamani, hawakujaaliwa mtoto, akarudi kwa mama yeye na makatoni yake. Ndani kulikuwa na kitanda na njia ya kukifikia. Kwingine kote ni makatoni ya mafuta ya kula, ya sabuni, ya biskuti, sanduku la bati la shule, na ndoo za rangi zenye vifuniko. Nikafungua katoni moja, nikaona zilivyojaa, nikalifunga tena nikaenda kunywa chai kwanza.

Niliporudi nikaona kuna za aina nyingi. Zilikuwepo zile picha ndogo za kwenye ubani wa bigijii, zilizokunjwa katikati, ambazo kila aliyesoma shule ya msingi wakati wetu anazijua. Zilikuwepo za kubandika kwenye albamu za Kombe la Dunia. Zilikuwepo za Ulaya, ngumu, zinang'aa, kila moja ndani ya kijifuko chake cha nailoni. Halafu kulikuwa na leseni za wachezaji wa ligi ya wilaya, maana marehemu alikuwa katibu wa timu ya mtaa kwa miaka mingi: kipande cha karatasi ngumu, picha ya pasipoti, jina, mhuri. Timu zilikufa, wachezaji wakaenda kuoa na kutafuta riziki, leseni zikabaki kwake. Yeye hakuzitofautisha na zile za Ulaya. Mlinda mlango wa Kivinje alilala katoni moja na mlinda mlango wa Italia.

Kazi yangu mimi ni kupima ubora wa korosho. Nachukua sampuli kwenye gunia, napasua, natenga: nzuri huku, yenye madoa kule, iliyosinyaa na iliyooza pembeni. Sijui njia nyingine ya kupanga vitu. Basi nikatandika mkeka uani, nikachukua nyungo za mama, nikaanza. Kadi safi ungo wa kwanza. Zenye mikunjo na madoa, wa pili. Zilizoliwa na mende na zilizowahi kulowa, wa tatu. Nilikwenda hivyo siku nzima, kasi nzuri, mgongo unauma, na jioni nikamwambia mama kwamba mambo yanakwenda vizuri kabisa.

Kesho yake akaja mdai wa kwanza. Ni mtu wa bodaboda, alisoma na mdogo wangu darasa moja, na msibani ndiye aliyekuwa akibeba maji ya kunawia. Alisema aliazimisha kadi moja ya mlinda mlango wakiwa darasa la tano na hakuiona tena. Marehemu alimwambia imepotea. Nikamkaribisha mkekani atafute. Akatazama nyungo zangu, akanitazama mimi, akatazama nyungo tena.

"Dada," akasema taratibu, "hapa umepanga nini?"

Nikamweleza kuhusu madaraja. Alinisikiliza kwa adabu, maana nilikuwa mfiwa, halafu akaokota kadi moja kutoka kila ungo akanionyesha. Alikuwa mtu yuleyule, mchezaji mmoja, akiwa kijana, akiwa na ndevu, akiwa amenyoa kipara. Nilikuwa nimemtenganisha na nafsi yake kwa sababu ya mende. Mwenyewe nikacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba.

Yeye ndiye aliyenieleza jinsi mdogo wangu alivyokuwa akitaka ziwe: nchi kwanza, ndani ya nchi timu, ndani ya timu kwa namba ya mgongoni, kuanzia mlinda mlango. Alikuwa na mpango huo tangu utotoni ila hakuwahi kuumaliza, kwa kuwa kila alipokaribia, posta ilileta bahasha nyingine. Tukamwaga nyungo zote chini, tukaanza upya. Kadi yake ilikuwa ungo wa tatu, pembe moja imekatika, nyuma ina alama ya kalamu ya risasi aliyoitia mwenyewe. Akaishika muda mrefu.

"Mimi nilikuja kusamehe tu, dada. Nilijua ilipotea kweli," akasema. "Kumbe ipo."

Akaichukua. Aliitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo, akaenda kumuaga mama. Mama akamwuliza kama ameridhika, akamtaka aseme kwa mdomo, naye akasema ameridhika mbele ya Mungu. Mama alikula vizuri siku ile, na mimi nikaelewa kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Lakini mji ukishasikia kuna mahali wanagawa, utawajua watu. Wakaja ambao hawakuwahi kumsalimia marehemu. Mmoja alidai kadi ya mchezaji ambaye, kwa maelezo ya yule wa bodaboda, alikuwa hajazaliwa mwaka ambao mdai huyo alisema aliiazimisha. Mwingine alisema anadai kadi ishirini, nilipomwuliza ni za nani akajibu, "Zozote." Mama alitaka wapewe wote, tusije tukakosea mmoja mwenye haki. Mimi nikasema hapana. Tulibishana kweli. Nilimwambia mali ya marehemu si sadaka ya kila mpita njia, na kama tukimpa mwongo kadi ya mtu, tumeongeza deni badala ya kulipunguza. Hilo la mwisho likamwingia.

Tukawekeana sharti. Anayedai aseme kwanza kadi ina nini, mbele na nyuma, ndipo nitafute. Na ili nitafute lazima nijue kilichopo na kilipo. Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu, nikaanza kuandika kila kadi: nchi, timu, namba, jina, na mwisho hali yake. Kwenye hali sikuweza kujizuia, niliandika kwa lugha ya ghalani. Daraja la kwanza. Daraja la pili. Chini ya daraja. Kadi nikazitia kwenye makatoni kwa mpangilio wa marehemu mwenyewe, nikakata vipande vya boksi kuwa vitenganishi, na kila katoni nikaliandika kwa nje. Ilikuwa kazi ya asubuhi mpaka alasiri, siku baada ya siku, na sitasema uongo, niliipenda. Majirani walipita kunipa pole wakanikuta nabishana na yule wa bodaboda kama huyu ni beki au kiungo.

Waongo walipoona wanaulizwa maswali wakaacha kuja. Wakabaki wenye haki, nao hawakuwa wengi. Mwalimu mstaafu alidai picha aliyomnyang'anya marehemu darasani, kisha akamwazimisha. Dada mmoja wa sokoni alikuja kwa ajili ya marehemu mumewe, akaisema kadi yake bila kukosea, akaipata. Wengi walifanya kama yule wa kwanza, walikuja kusamehe wakaondoka nazo, na sikuwalaumu.

Mmoja alitoka Kipatimu. Alifika amejaa vumbi la barabara ile, na gunia dogo la machungwa ya milimani, akatupa pole na kuomba radhi kwamba habari zilichelewa kumfikia. Zamani alikaa Masoko akishona nguo, akaichezea timu ya mtaa msimu mmoja, winga wa kushoto. Alikuja kuomba leseni yake. Nikamwuliza kama aliiazimisha au aliibadilisha na nini. Akasema hapana, aliiacha tu kwa katibu, kama wenzake wote walivyoziacha zao.

Hapo nikakwama, kwa kuwa kwa sharti letu hilo halikuwa deni. Leseni ilikuwa ya timu, na katibu aliitunza kihalali. Nikamweleza. Akasikiliza, akasema anaelewa, akaongeza kwamba nyumba yake iliungua na picha zote, na wajukuu wake wanambishia kwamba hakuwahi kuwa kijana. Nikaenda kumwuliza mama. Mama hakuchukua muda.

"Uso ni wa nani?" akaniuliza.

"Wake."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nikalifungua katoni la wilaya nikampa. Katika picha alikuwa na nywele nyingi na shati lisilo na kola, amekaza midomo kwa ajili ya mpiga picha. Alicheka peke yake, akamwombea marehemu dua ndefu pale pale uani, na mama akaitikia amina kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi. Machungwa yake tuliyala wiki nzima.

Sasa niseme na langu, maana mimi pia nilikuwa namdai.

Kadi za kwanza kabisa za mdogo wangu zilikuwa zangu. Nilikuwa nikisoma Lindi, nakaa kwa shangazi pale Mtanda, na shangazi alikuwa na kiduka. Watoto walinunua bigijii, wakatupa picha chini, mimi nikaziokota. Siujui mpira sasa na sikuujua wakati ule; nilipenda rangi za jezi na zile sura za watu wa mbali. Nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na nyuma ya kila moja nilitia tone la hina ijulikane ni yangu. Haba na haba, kopo likajaa. Halafu nikavunja ungo. Nikarudishwa nyumbani, nikawekwa ndani nikafundwa kama wenzangu, na nilipotolewa, kopo halipo. Bibi alikuwa amempa mdogo wangu. Alisema mwali hachezei picha za wanaume.

Nilimwendea mdogo wangu nikamwambia kopo ni langu. Alikuwa mtoto bado, amelikumbatia, akakimbia. Nilichukia sana, nikachukia zaidi kwa kuwa hakuna mkubwa hata mmoja aliyeona kuna cha kuchukia. Baadaye tukawa watu wazima na chuki ikageuka mchezo. Kila Idi, nilipofika kwa mama, kabla ya salamu nilimwambia, "Kopo langu." Naye alinijibu, "Linazaa, dada. Liache lizae." Hatukuwa na mazungumzo mengi zaidi ya hayo. Mimi si mtu wa maneno, na yeye maneno yake yote yalikuwa ya mpira. Mwaka hadi mwaka tuliambizana hayohayo, tukacheka, tukakaa kula.

Nilipokuwa napanga, zile kadi zangu nilizikuta. Zilikuwa zimesambaa kati ya nyingine, na tone la hina nyuma limebaki rangi ya kutu. Nilidhani angalau nusu yake alishazibadilisha. Zilikuwepo zote. Mtu aliyebadilisha mpaka saa yake ya mkono kwa kadi ya Brazili, zangu hakuibadilisha hata moja. Nikaziandika kwenye daftari kama nyingine, daraja la pili, nikaziweka kila moja katika nchi yake na timu yake, nikaendelea. Kwa mama sikusema kitu.

Siku moja kabla ya hitima nyumba ilijaa wanawake wanachambua mchele. Mimi nilikuwa nimemaliza. Makatoni yamepangwa ukutani nchi baada ya nchi, daftari limejaa, chumba kimefagiwa na kitanda kinafikika pande zote mbili. Mama akajikongoja mpaka mlangoni, akaingia, akakaa kitandani kwa mwanawe.

"Wadai wamekwisha?"

"Wamekwisha, mama."

"Bado wewe," akasema.

Nikamwambia lile lilikuwa jambo la kitoto, mimi na yeye tulikuwa tunataniana tu. Akaniuliza kama kopo alilichukua au hakulichukua. Nikasema alilichukua. Akaniuliza kama alilirudisha. Nikasema hakulirudisha.

"Basi sema umemsamehe. Sema kwa mdomo, nisikie."

Ni neno dogo. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nikiwasikiliza watu wakilisema, wengine hata hawakumpenda sana, wakalisema wakaenda zao. Nikafungua mdomo. Halikutoka. Haikuwa hasira, ya kopo ilikwisha miaka mingi. Ila nilijua nikishasema nimesamehe, nitakuwa nimelifuta, yaani nimekubali kwamba halikuwa kitu, kopo na hina na Idi zote zile na majibu yake. Sikuweza kusema halikuwa kitu.

"Simsamehe," nikasema.

Mama alibadilika uso. Akaniita jina langu la utotoni, ambalo siku hizi halitumii, akaanza kulia bila sauti, akaniambia huyu ni ndugu yako, yuko kaburini, unataka nini kwake. Nikapiga magoti mbele yake haraka.

"Dawa ya deni kulipa, mama. Nalichukua kopo langu."

Akanitazama kama hajanielewa. Sikusubiri. Nikafungua makatoni moja baada ya jingine, sikuhitaji daftari, nikazitoa kadi zangu zote mahali zilipokuwa. Kila nilipotoa moja palibaki pengo katika mpangilio wa mwenyewe, na mimi niliyehangaika kuupanga nikauharibu kwa mkono wangu. Nikazigeuza mbele ya mama, aone hina. Akazigusa moja moja kwa kidole.

"Nimelipwa," nikasema. "Simdai."

"Alhamdulillahi," akasema mama. Akarudia mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Halafu akainua miguu, akajilaza pale pale kwenye kitanda cha mwanawe, akageukia ukuta, akalala. Alilala kweli, na pumzi zikawa ndefu. Kule nje wanawake wanachekeana juu ya mchele na yeye hasikii.

Nikakaa chini na kadi mapajani. Nilikuwa nimemaliza kila nilichoagizwa. Nikawaza kwamba Idi inakuja, nitafika hapa, nitaingia uani, na sitakuwa na la kusema hata kama angekuwepo wa kunijibu, maana hanidai na simdai. Tangu azikwe nilikuwa na kazi ya kumfanyia. Sasa sina. Ndipo nilipojua kwamba mdogo wangu amekufa, nikajaza kanga mdomoni nisimwamshe mama.